MVUA, MATOPE NA KANDANDA: TUMLAUMU NANI?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini mvua ikishuka, hata kwao mtu huaibika, sikwambii ugenini! Muhula wa pili timu yetu ilivuka feri hapa Likoni, ikapanda matatu hadi Changamwe, ikarudi imefungwa mabao matatu bila jibu. Tangu siku hiyo kipa wetu amepachikwa jina la "Sabuni", na sasa hataki hata kuuona mpira. Mimi nilikuwa beki. Nimeshika kalamu kwa sababu naona mwenzetu anaonewa.

Hapa Mombasa masika, au mvua ya mwaka kama wasemavyo wazee wetu, hupamba moto mwezi wa Mei. Huo ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Na ndio wakati wa mechi za shule! Kwa hivyo kucheza majini hatuwezi kukukwepa.

Jambo la kwanza ni udongo. Likoni na sehemu kubwa ya Kisauni zimekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha, maji hupenya chini upesi, na mchanga uliolowa huwa mgumu kuliko mkavu. Changamwe ni mambo mengine. Udongo wake ni mzito, wa mfinyanzi, na haunywi maji haraka. Basi mvua ni ile ile moja, lakini viwanja ni viwili tofauti. Wenyeji wetu walizoea utelezi. Sisi tulicheza kama tuko nyumbani.

Jambo la pili ni mpira wenyewe. Ukidunda mahali palipolowa haushikwi na ardhi. Huteleza, hauinuki sana, na humfikia kipa mapema kuliko alivyotarajia. Lakini ukiingia kwenye dimbwi husimama tuli, kama uliofungwa kamba.

Sasa tazameni mabao yale. La kwanza, shuti lilidunda mbele ya kipa. Akaweka mikono kifuani, mpira ukapita chini. La pili ni langu mimi: nilimrudishia kipa pasi ya chini, ikakwama dimbwini, mshambuliaji wao akaiwahi. La tatu, beki mwenzangu aligeuka, akaenda chini pwaa! Niambieni, jamani, sabuni ni nani hapo?

Wala si sisi tu. Tarehe 3 Julai 1974, katika Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi ilikutana na Poland mjini Frankfurt. Mvua ilinyesha hata wazima moto wakaitwa kuvuta maji uwanjani kwa pampu. Poland walitegemea mawinga wenye mbio, lakini mpira ulikwama majini. Dakika ya 76 Gerd Müller akafunga bao la pekee, na wenzake wakaingia fainali. Miaka 20 kabla ya hapo, katika fainali ya 1954 mjini Bern, mvua pia ilinyesha. Wajerumani walivaa njumu ambazo meno yake yaliweza kubadilishwa, wakatia marefu. Wakailaza Hungaria 3-2, timu iliyokuwa haijashindwa mechi ya kimataifa tangu 1950.

Tujifunze nini basi? Kwanza, palipo na madimbwi tuinue mpira, tuache pasi za chini, hasa za kumrudishia kipa. Pili, tupige mashuti ya chini kwa mbali. Kipa wao naye ana taabu ile ile. Tatu, tupige hatua fupi tunapogeuka. Nne, kipa aweke mwili wote nyuma ya mpira, na ukimshinda kuudaka aupangue pembeni. Na siku za mvua tusikimbilie darasani, tufanye mazoezi papo hapo.

Mvua haina timu. Humtunza aliyejiandaa. Nawe kipa wetu, kama unasoma haya, lile bao la pili ni langu. Rudi golini, ndugu yangu, Mei haiko mbali.