Gari Likizima Majini, Acha Ufunguo

Masika ikikolea Dar es Salaam, kila mtu anajua pa kuogopa. Bonde la Msimbazi likijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mji unakatika vipande viwili. Lakini huhitaji kufika Jangwani. Dimbwi la mtaani kwenu tu, lile lililoficha mtaro, linatosha kukuzimia gari. Hapo ndipo wanapotokea vijana wanne watano, suruali zimekunjwa hadi magotini, wakipaza sauti: "Bro, piga stata! Piga tena, litawaka!"

Ushauri huo ndio unaomalizia injini ambayo maji yenyewe yalikuwa bado hayajaiua.

Naandika hapa kwa sababu wenzetu kadhaa chuoni wanaendesha teksi za mtandaoni usiku ili kujazia bumu. Gari si lao, ni la bosi, na hesabu inatakiwa kila wiki hata kama mvua imenyesha siku zote saba. Mtu wa namna hiyo gari likimzimia majini saa tatu usiku, abiria analalamika kiti cha nyuma, mkono unaenda kwenye ufunguo wenyewe. Yaani hata hafikirii.

Turudi darasani kidogo, mnisamehe, ndiyo kozi yangu. Chukua bomba la sindano, toa sindano yake, vuta hewa, ziba tundu kwa kidole halafu sukuma. Linasukumika, kwa sababu hewa inabanika. Sasa jaza maji ufanye vilevile. Halisogei hata ukikaza meno.

Injini ya gari inafanya kazi kama hilo bomba, mamia ya mara kwa dakika. Pistoni inashuka ikivuta hewa na petroli, inapanda ikivibana mpaka ibaki nafasi ndogo tu juu yake, ndipo plagi inawasha. Tuchukue injini ya cc 1500, kama iliyomo kwenye baadhi ya Toyota IST tunazoziona kila kona. Ina silinda nne, kwa hiyo kila moja ni kama cc 375. Ikibana takriban mara 10, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni mililita 40 hivi. Hiyo haijai hata vijiko vitatu vikubwa vya mezani. Maji yakizidi hapo ndani ya silinda moja, pistoni haina pa kwenda, lakini stata inaendelea kuisukuma. Kinachosalimu amri ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krenki. Unapinda. Na kama injini ilikuwa inazunguka kwa kasi, unaweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini. Hapo hakuna tena habari ya kukausha, unatafuta injini nyingine. Za dizeli ni mbaya zaidi, maana zinabana kuliko za petroli na nafasi ya juu ni ndogo zaidi.

Maji yanaingilia wapi? Wengi wanaogopa bomba la moshi. Gari likiwa linawaka, moshi unayasukuma maji nje. Mlango wa hatari uko mbele: mdomo wa bomba linalopeleka hewa kwenye eya klina, ambao kwenye magari mengi madogo uko karibu na taa au nyuma ya shoo. Maji ya kimo cha magoti yanaweza yasiufikie yakiwa yametulia, ila wimbi la lori mnalopishana nalo linaufikia. Na wewe ukikanyaga mafuta "ili upite haraka", unatengeneza wimbi lako mwenyewe.

Si kila gari linalozima majini limekunywa maji. Mara nyingine ni koili na nyaya zimelowa: linakohoa, linapoteza nguvu taratibu, kisha kimya. Likizima ghafla, tena kwa kishindo, dalili ni mbaya. Lakini ukiwa kwenye usukani gizani huwezi kuapa ni lipi kati ya hayo mawili, ndiyo maana hatua ya kwanza ni ileile kwa yote: usipige stata hata mara moja.

Halafu watu kwanza. Shusha vioo mapema wakati umeme bado upo. Kama maji yanatembea au yanapanda, tokeni wote, gari libaki. Maji yanayokimbia ya sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na ya sentimita 60 hubeba hata yale marefu tunayoyaogopa barabarani.

Kama maji yametulia, hapo wale vijana wana kazi yao, nayo ni kusukuma hadi mahali pakavu. Elewaneni bei kabla hawajagusa gari, maana bei ya katikati ya maji huwa ni nyingine. Gari la otomatiki liweke N. Betri ikiwa imekufa na mkono wa gia umegoma kutoka P, kwenye magari mengi kuna kitufe au kifuniko kidogo pembeni yake: kanyaga breki, bonyeza hapo kwa ufunguo au bisibisi, utatoka. La gia za mkono lisukumwe likiwa huru. Wakikwambia uingize gia namba mbili ili liwake kwa kusukumwa, kataa. Hiyo ni stata ileile, ila sasa inazungushwa na miguu ya watu.

Mkishafika pakavu, zima swichi, chomoa waya hasi wa betri, fungua boneti. Fungua kasha la eya klina, ushike chujio kwa mkono. Hiki ndicho kipimo kikubwa na hakihitaji fundi. Chujio likiwa kavu na kasha halina maji, pengine umeponea kwenye koili. Chomoa kijiti cha oili pia. Oili ikiwa na rangi yake ya kawaida na haijapanda juu ya alama, kausha koili na soketi zake, subiri, rudisha betri, ndipo ujaribu.

Chujio likiwa limelowa, mwite fundi, lakini simama pale uone anachofanya. Akifika tu akakaa kwenye usukani na kudai ufunguo, mtafute mwingine. Anayejua kazi atachomoa plagi zote nne kwanza. Atakata petroli kwa kutoa fyuzi ya pampu, na koili atazichomolea soketi zisitoe cheche. Kisha ataizungusha injini kwa spana kwenye nati ya krenki, polepole, kuona kama ipo huru. Ikizunguka, hapo stata inaruhusiwa, sekunde chache chache, na maji yatatoka kwenye matundu ya plagi kama bomba limepasuka, kwa hiyo kaeni pembeni. Yakiisha, matone machache ya oili kila silinda, plagi kavu, chujio jipya. Kazi hii haingoji wikiendi. Maji yakilala ndani ya silinda siku mbili tatu, kutu inaanza.

Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imwagwe yote pamoja na filta yake, injini iwake dakika chache tu na oili mpya, halafu hiyo nayo imwagwe. Oili ya giaboksi ya otomatiki ipimwe vilevile. Gari la haibridi ni habari nyingine: nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse, ita gari la kuvuta.

Breki zikaushe kwa kwenda mwendo mdogo huku ukizigusagusa. Bima ndogo hailipi gari lako mwenyewe. Kama bosi ana bima kubwa, piga picha za kimo cha maji na chujio lililolowa kabla fundi hajagusa kitu.

Gari likiwaka na kutulia, bado kuna swali moja. Konrodi iliyopinda kidogo inaweza kukubeba wiki kadhaa, gari likitetemeka kidogo tu likiwa limesimama, kisha ikakatikia njiani. Mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda. Moja ikisoma chini sana kuliko wenzake, mpeleke bosi akaone namba hizo mwenyewe kabla hujapokea abiria mwingine.