Feni kubwa, mwendo mdogo: Njia ya kuituliza kompyuta ya ofisini

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MSIMU wa kahawa unapoanza mkoani Kagera, katikati ya mwaka, ofisi ndogo za Bukoba na Muleba huwa na pilikapilika nyingi. Mkulima anataka kujua kilo zake, karani wa chama cha msingi anaingiza hesabu kwenye kompyuta, na mwenye steshenari jirani anachapa barua na kutoa fotokopi tangu asubuhi. Wakati huo mvua zimepungua, na vumbi jekundu la barabara za vijijini linaingia kila mlango ulio wazi.

Ndipo kompyuta ya mezani inapoanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Mzee aliyesimama dirishani hasikii kilo anazosomewa. Karani anachoka, anamwita kijana anayejua kushika bisibisi, naye anatoa dawa ya haraka: anachomoa waya wa feni. Kelele inakwisha na kila mtu anafurahi. Siku chache baadaye kompyuta inazimika yenyewe katikati ya orodha ya malipo, na kazi ambayo haikuhifadhiwa inapotea.

Kosa hilo ni la kawaida na lina gharama. Prosesa ikizidiwa na joto hupunguza mwendo wake, na joto likiendelea kupanda huizima mashine ili isiungue. Hata pale isipozimika, joto linakula vipuri polepole. Kapasita za aina ya maji zilizo kwenye bodi kuu hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila ongezeko la nyuzi joto 10. Bei ya feni ni ndogo mno ukiilinganisha na ya bodi kuu, achilia mbali hasara ya kuwarudisha wakulima nyumbani bila malipo.

Kwa hiyo anayetaka utulivu asiiondoe feni. Achague feni inayofaa.

Ukubwa kwanza

Feni za kasha la kompyuta, lile ambalo wengi tunaliita CPU, hupimwa kwa milimita. Zinazopatikana zaidi ni za milimita 80, 92, 120 na 140. Makasha mengi ya zamani yana feni ya 80, ambayo ili ipitishe hewa ya kutosha hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa, mara nyingi zaidi ya mizunguko 2,000 kwa dakika. Kelele inatoka hapo.

Mama anayepepeta maharage analijua jambo hili. Mwenye ungo mpana hupepeta taratibu na kumaliza kazi, wakati mwenye kiungo kidogo hutikisa mikono mpaka inauma. Feni ya milimita 120 ikizunguka kwa theluthi moja tu ya kasi ya feni ya milimita 80 yenye umbo kama lake, hupitisha hewa inayokaribia kuwa sawa. Na feni ileile ikipunguzwa kasi kwa nusu, kelele yake hushuka kwa desibeli 15 hivi, ilhali kushuka kwa desibeli 10 tu sikio la binadamu hukusikia kama kelele iliyopungua nusu.

Hapa wakazi wa Kagera wana bahati. Bukoba ipo zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Victoria, na hata mchana joto lake mara nyingi halifiki nyuzi 30. Feni ya taratibu ambayo ingeelemewa katika chumba chenye joto cha Dar es Salaam inaweza kutosha kabisa hapa, na katika vilima vya Muleba pia.

Kabla ya kwenda dukani, chukua rula upime nafasi kati ya tundu moja la skrubu na jingine. Ukipata milimita 71.5, kasha linapokea feni ya 80. Ukipata 82.5 ni feni ya 92, na ukipata 105 ni feni ya 120. Wengi wamenunua feni nzuri wakarudi nayo nyumbani isiingie.

Beringi na nyaya

Jambo la pili ni beringi. Feni za bei ya chini hutumia bushi. Huwa kimya zikiwa mpya, lakini mafuta yakikauka huanza kulia, na huchakaa haraka zaidi zikilazwa au zikikaa penye joto. Zenye beringi za gololi hustahimili joto na hudumu, ila huwa na mvumo kidogo. Zile ambazo mhimili wake huelea kwenye mafuta yaliyofungiwa ni kimya na hudumu pia. Bei yake ni ya juu, lakini kwa ofisi inayofanya kazi kutwa nzima inafaa kuilipia.

Tatu, hesabu nyaya. Feni ya nyaya mbili huzunguka kwa kasi moja tu, isipopunguziwa umeme. Ya nyaya tatu huiarifu bodi kuu kasi yake, na bodi nyingi zinaweza kuipunguzia umeme. Ya nyaya nne ndiyo bora, kwani bodi huiamuru iende polepole prosesa inapokuwa imepoa na iongeze mwendo kazi inapokuwa nzito. Mwambie fundi akuwekee mpangilio huo katika BIOS.

Usitegemee sana idadi ya desibeli iliyoandikwa kwenye boksi, maana kila kiwanda hupima kwa namna yake. Omba feni iwashwe dukani, uitegee sikio.

Hewa ipite, vumbi libaki nje

Kwa kompyuta ya kawaida ya ofisi, feni mbili zinatosha: moja mbele ikiingiza hewa ya baridi, nyingine nyuma ikitoa ya moto. Kwa kawaida hewa hutokea upande wenye vikono vinavyoshikilia mota, hivyo angalia kabla ya kukaza skrubu. Feni ya mbele iwe na nguvu kidogo kuliko ya nyuma, na iwekewe chujio la sponji nyepesi. Hapo hewa nyingi itaingia kupitia chujio badala ya kufyonzwa na nyufa pamoja na vumbi. Kwa walio karibu na ziwa, chujio hilo huzuia pia vidudu vinavyofuata taa usiku.

Kasha lisikae sakafuni. Liinue juu ya kigoda na uliache wazi kiasi cha kiganja kutoka ukutani. Unaposafisha, zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa vumbi kwa brashi laini na uishike feni isizunguke. Usipulize kwa mdomo, kwani mate ni unyevu.

Mwezi Mei, kabla gunia la kwanza halijafika mizani, ni wakati mzuri wa kulifungua kasha, kuosha chujio na kuisikiliza feni. Inayolia ibadilishwe mapema, ili msimu ukianza mzee pale dirishani asikie kilo zake.