Kiweko cha Gitaa la Mapajani

Tumepata kuona gitaa la bendi likiponyoka mapajani mwa askari mbele ya wageni, wimbo ukakatika. Aibu ile haikustahili. Gitaa hili, lililotoka Hawaii na kuenezwa na Joseph Kekuku, hupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Goti likitikisika kidogo, sauti hupotoka.

Dawa yake ni kiweko cha mbao. Kata miguu minne ya sentimita 100. Iunge miwili miwili kwa vipande vya kukingama juu na chini, upate fremu mbili, moja ikiingia ndani ya nyingine. Nafasi ya ndani izidi kidogo upana wa gitaa. Zipishanishe na kuzifunga katikati kwa bolti, zikunjike mfano wa kitanda cha safari. Mnyororo wa sentimita 50 huzuia miguu isitanuke, na gitaa hulala karibu sentimita 85 kutoka ardhini. Nyayo zivikwe mpira wa tairi kuukuu, na vipande vya juu kitambaa.

Blanketi la kambi lisikatwe, maana ni mali ya umma. Fulana chakavu yatosha. Hapo mpigaji atasimama bega kwa bega na wenzake.