Nani Anauliza Swali?

Jumapili ya kwanza ya mwezi Mei, wananchi wa kantoni ya Glarus, Uswisi, hukusanyika katika uwanja wa mji kutunga sheria. Masanduku ya kura hayapo. Hoja ikishasomwa, wanaoiunga mkono huinua kadi zao za kupigia kura, kisha huinua wanaoipinga, na kiongozi wa serikali aliye jukwaani hukadiria kwa macho upande ulioshinda. Mpiga kura yeyote anaweza kupanda kuzungumza, hata kupendekeza mabadiliko papo hapo. Mwaka 2006 serikali ilileta mpango wa kuunganisha serikali za vijiji 25 zibaki 10. Mwananchi mmoja akasimama akasema 10 bado ni nyingi, 3 zinatosha. Uwanja ukamkubalia yeye.

Wapenzi wa demokrasia ya moja kwa moja hupenda kisa hiki, na wana haki. Wasichopenda kukumbuka ni kantoni ya Appenzell Innerrhoden, ambako wanaume waliokusanyika vivyo hivyo mwaka 1990 waliwanyima tena wanawake haki ya kupiga kura. Mahakama ya shirikisho ndiyo iliyowafungulia wanawake mlango mwaka huohuo. Uwanja unawasikiliza walioruhusiwa kuingia. Aliye nje huamuliwa mambo yake.

Hata hivyo, Waswisi wengi hawaamui kwa kuinua mikono. Wana bunge, tena bunge hilo ndilo linalotunga sehemu kubwa ya sheria. Tofauti ni kwamba tangu 1874 sheria iliyopitishwa na bunge inaweza kusimamishwa na wananchi: wakikusanya saini za kutosha (leo 50,000) ndani ya siku 100, inapelekwa kwenye kura ya maoni. Sheria nyingi hazifiki huko. Kazi ya utaratibu huu hufanyika mapema, bungeni, pale mbunge anapojiuliza ni nani atakayekasirika kiasi cha kwenda kukusanya saini. Wahafidhina Wakatoliki, waliokuwa upinzani, waliutumia kuziangusha sheria moja baada ya nyingine mpaka watawala wakachoka, na mwaka 1891 wapinzani hao wakapewa kiti cha kwanza katika Baraza la Shirikisho, yaani serikali yenyewe. Mpinzani anayeweza kukuzuia kila mara ni nafuu kumkalisha nawe mezani.

Hapo ndipo ninapouona ubora wa mfumo huu. Sidhani umati una busara kuliko wabunge. Mwaka 2009 umati uliandika katika katiba marufuku ya kujenga minara ya misikiti, jambo ambalo serikali na bunge vililipinga. Ubora wake ni kwamba swali linaweza kutoka chini, bila ruhusa ya anayetawala. Mtawala akiuliza yeye, siku anayotaka yeye, kwa maneno aliyoyachagua yeye, kura ya maoni huwa mhuri tu. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliijua vyema kazi hiyo.

Kenya ina somo lake. Katiba ya 2010 inaruhusu wananchi milioni moja waliojiandikisha kupiga kura kuanzisha mabadiliko ya katiba. BBI, mpango wa kubadilisha katiba uliosukumwa na rais, ilijivika vazi hilo, lakini Mahakama ya Juu iliamua Machi 2022 kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyotengewa wananchi. Uamuzi sahihi, kwa maoni yangu, ingawa hauondoi ugumu uliobaki: saini milioni moja hukusanywa na mwenye fedha na magari, na zikishapatikana mswada hupita kwanza katika mabunge ya kaunti. Mswada wa Punguza Mizigo, uliotaka wabunge na maseneta wapunguzwe kutoka 416 hadi 147, ulizipata saini zake mwaka 2019. Ukapelekwa kwa wawakilishi wa kaunti, nao wakauzima kabla mpiga kura hajaulizwa.