Chuo na Nasari Chini ya Paa Moja

Zamani mzazi wa pwani alikuwa na mashaka mawili. Akimpeleka mwanawe chuoni tu, mtoto alihifadhi sura zake vizuri, lakini kwenye mahojiano ya kuingia darasa la kwanza akashindwa na wenziwe waliopitia nasari. Akimpeleka nasari, akarudi na nyimbo za Kizungu, alifu haijui.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani walimfikishia Aga Khan jambo hili, na mwaka 1986 nasari ya kwanza ya mpango wa Madrasa ikafunguliwa Mombasa. Bi. Swafiya Said, mwalimu, ndiye aliyeshika usukani. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Kinachopendeza humo ni vitu vya kuchezea: vifuu vya nazi, kombe za ufuoni, mbegu, vifuniko vya chupa, vipande vya kanga kuukuu. Mtoto hupiga bismillahi, akavipanga, akavihesabu, akauliza maswali. Walimu ni akina mama na mabinti wa mtaa huo huo waliofunzwa kazi, na kamati ya wanakijiji ndiyo mwenye shule.

Hapo ndipo penye uzito. Tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea i mikononi mwa kaunti, lakini mwalimu wa nasari ya kijiji hutegemea karo ya wazazi. Na baba yule yule anayechangia harusi kwa mkono mkunjufu (jamani, twajuana!) karo ya mwezi humwia nzito.