Nyumbu Mmoja, Mamlaka Tano

Ndama wa nyumbu akizaliwa Ndutu mwezi Februari, kabla ya mwaka kwisha anaweza kuwa amekanyaga ardhi ya mamlaka tano. Kwake yote ni malisho. Kwa binadamu, jina la kila eneo ndilo linaloamua nani aingie, afanye nini na amlipe nani.

Tuanzie anapozaliwa, Ndutu, ndani ya Ngorongoro. Ngorongoro ilimegwa kutoka Serengeti mwaka 1959, Wamaasai waliotolewa upande wa pili wapate pa kuishi na kuchunga. Si hifadhi ya taifa. Ina sheria yake na mamlaka yake. Ng'ombe ruksa, jembe marufuku. Tofauti unaionja hata ukiwa garini: huku Ndutu dereva huweza kuiacha barabara akamfuata duma nyikani. Akivuka kuingia Serengeti, magurudumu yabaki barabarani.

Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Hifadhi ya taifa haina makazi, mifugo, kuni wala uwindaji. Mgeni hulipa kiingilio, akatazama, akaondoka. Magharibi yake kuna Pori la Akiba Grumeti, chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Nalo halina makazi, ila katika pori la akiba sheria inaruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni. Jirani ni Ikona, jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori. Hapa ardhi ni ya vijiji, kama Robanda, vilivyoitenga vyenyewe, na sehemu ya mapato ya utalii hurudi vijijini. Nyumbu akivuka mpaka kuingia Kenya, haingii mikononi mwa KWS inayosimamia hifadhi za taifa, bali kwa Kaunti ya Narok, mwenye Maasai Mara.

Majina haya hubadilika. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa Nyerere. Tembo ni wale wale, mto ni ule ule, lakini bunduki ya mwindaji wa kitalii ikafungiwa nje.

Wakati mwingine jina hubaki, yakabadilika yaliyomo. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974, watu waliishi na kuchunga ndani ya mapori tengefu, aina nyingine ya maeneo ya wanyamapori. Sheria ya mwaka 2009 ikazuia kuchunga humo bila kibali, ikaagiza mapori hayo yatenganishwe na ardhi ya vijiji. Ndiyo maana kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zilipotangazwa Pori Tengefu la Pololeti mwaka 2022, wafugaji walijikuta nje ya malisho yao.

Serikalini hatua kama hizi huitwa kupandisha hadhi. Lakini hadhi ya eneo ikipanda, ruhusa za mwanakijiji hushuka. Tangazo likisomwa kwenye mkutano wa kijiji, pigia makofi ukitaka, ila uliza kwanza: kiangazi kikifika, ng'ombe watanywa wapi?