Herufi f na i Zilizoungana: Hatari kwa Misamiati ya Ruvuma

Katika siku za herufi za risasi, mpiga chapa hakuunganisha f na i kwa urembo tu. Kichwa cha f huinama mbele, nacho hugongana na nukta ya i. Kwa hiyo herufi hizo mbili zilisubiwa pamoja katika kipande kimoja cha madini. Donald Knuth alipoitoa programu ya TeX mwaka 1978 aliihifadhi desturi hiyo, na Pandoc, iliyoanzishwa na John MacFarlane mwaka 2006, huyapitishia huko maandishi matupu yenye alama ili yawe PDF.

Maungano ya kawaida ni matano: ff, fi, fl, ffi na ffl. Kiswahili chahitaji hasa moja, yaani fi, nalo limeenea kila mahali: fika, fisi, safi, mfinyanzi. Basi na tuseme kwamba msamiati wa Kimatengo umekusanywa kwa wazee wa Litembo, au wa Kinyasa kwa wavuvi wa Mbamba Bay, na maana zake zimeandikwa kwa Kiswahili. Faili isipokuwa na jedwali la kueleza kwamba umbo lile moja ni herufi mbili, msomaji atafutaye neno "mfinyanzi" huenda asilipate. Atadhani kwamba halikukusanywa, ilhali limo mbele ya macho yake. Naye ahesabuye silabi kwa kompyuta atapata hesabu ya uongo.

Kuna jambo jingine, la sarufi. Katika "sifiwa" na "fia", f ni ya mzizi na i ni ya kiambishi. Muungano huo huziba mpaka ambao mchunguzi ataka uonekane. Wachapaji wa Kijerumani wameujua ugumu huu zamani: katika neno Auflage hawaunganishi f na l, kwa kuwa ni za sehemu mbili za neno. Katika msamiati wenye uchambuzi, mstari wa juu huonyesha "sifiwa" iliyoungana, na wa chini "sif-i-w-a" iliyoachana, kana kwamba f hizo ni mbili mbali mbali. Kitabu cha hadithi hakidhuriki kwa hayo. Katika msamiati ni afadhali muungano uzimwe kabisa.

Alama ya ng' nayo ina kasoro ya jamaa hiyo: koma iliyonyooka hugeuzwa kuwa iliyopinda, na "ng'ombe" huweza kupotea vivyo hivyo.

Kwa vyovyote, umbo la kuunganishwa lisiandikwe katika maandishi ya asili. Humo ziwe f na i kamili, na faili ipewe jedwali lake. Jaribio ni jepesi. Neno "mfinyanzi" linakiliwe kutoka PDF na kubandikwa katika ukurasa mtupu, kisha kompyuta izihesabu herufi. Zikirudi tisa, faili ni salama. Zikirudi nane, muungano ungali humo. Zikirudi saba, f na i zimepotea njiani.